Jicho Lisilouma

Jumamosi asubuhi nilikuwa nikipunga mkono mbele ya uso wangu, nikidhani nafukuza wadudu wa ziwani. Kuna miezi wadudu wale huinuka juu ya maji kama moshi, na upepo ukiwaleta nchi kavu wanaingia kwenye chai, kwenye nywele, hata mdomoni mtu akiongea. Niliwapunga nikiwa ndani, nikawapunga nikiwa nje. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni akaniuliza, "Nesi, unafukuza nini?"

"Hawa wadudu."

Akatazama huku na huku, akamrekebisha mtoto mgongoni. Wagonjwa hawapendi kubishana na mtu aliyeshika sindano.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilizaliwa Upareni, mlimani, nikasomea uuguzi, nikapangiwa mkoa wa Mara, na mkoa ukanipangia zahanati ya kijiji kimoja upande wa Suguti. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Operesheni ilikuwa imepita mwaka uliotangulia, na watu waliokuwa wametawanyika kwenye mashamba yao na kando ya ziwa walikuwa wamekusanywa kwenye mistari ya nyumba zilizofanana, udongo wake bado mbichi. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, na nyuma yake nyumba ya mtumishi, vyumba viwili. Mganga niliyekuwa nikifanya naye kazi alikuwa amekwenda kujiendeleza masomoni. Alisema angerudi baada ya miezi sita. Sasa mwezi wa nane tangu aondoke ulikuwa unakwisha, na nilikuwa peke yangu.

Niseme kweli, watu walinipenda. Waliniletea viazi, samaki, maziwa ya mtindi kwenye kibuyu. Lakini hakuna aliyekuwa akiniita kwa jina langu. Nilikuwa nesi asubuhi, nesi jioni. Wakikaa barazani walizungumza Kijita, na mimi nikifika walibadili, wakazungumza Kiswahili cha pole pole cha kumsaidia mgeni, na mazungumzo yakapungua utamu, nami nikaona. Basi nikawa sikai sana. Nilikuwa nikifunga zahanati, napika, nasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, nalala.

Jumapili watu walikuwa kanisani. Mimi nilikuwa nachemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, na niliposimama nikaona kitu cheusi chini ya jicho la kulia, upande wa pua. Nikadhani ni fremu ya miwani. Nimevaa miwani mizito tangu darasa la tano, na fremu hizo zilikuwa zimefungwa kwa uzi. Nikavua miwani. Kile kitu kikabaki.

Hapo nikakaa kitini, kwa maana nilijua maswali yanayofuata. Tulifundishwa kwamba mtu akija na kusema ghafla haoni, usikimbilie dawa. Muulize kwanza. Jicho moja au yote mawili? Limeanza lini, kwa dakika au kwa siku? Limepotea lote au sehemu? Linauma? Kuna kitu kimelipiga? Ana presha, ana sukari? Nilikuwa nimewauliza wengine maswali hayo, na sasa niliyauliza kwa sauti, chumbani, kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa meza. Moja, la kulia. Limeanza leo, labda jana. Sehemu. Haliumi.

Mwalimu wetu wa chuoni, mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kurudia jambo mara mbili, hilo alilirudia: "Jicho jekundu linalouma litakuletea mgonjwa mwenyewe, tena mbio. Jicho jeupe lisilouma, likizima ghafla, ndilo la kuogopwa."

Nikachukua kioo na tochi. Jicho lilikuwa jeupe, safi kama la mtoto. Nikamulika, mboni ikajikunja. Nikamulika la pili, nalo vilevile. Nikafunga mashine ya presha kwenye mkono wangu wa kushoto, nikajaza upepo kwa mkono wa kulia na kusikiliza mwenyewe. Presha ilikuwa nzuri. Nikapima mkojo wangu. Sukari haikuwepo. Mpaka hapo, kama ningekuwa mgonjwa wa mtu mwingine, angeniambia nina afya.

Ikabaki kupima uoni wenyewe. Ubao wa herufi ulikuwa umetundikwa kwenye mlango wa chumba cha dawa. Nikasimama kwenye alama ya chokaa niliyoichora sakafuni kwa ajili ya wagonjwa, nikavaa miwani, nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikasoma kuanzia juu. Nikafika mstari wa mwisho bila kusita. Furaha niliyoipata ilikuwa ya kipumbavu, hata leo naionea aibu. Nikacheka peke yangu. Kisha wazo likanijia, nikafumba macho yote mawili, nikasoma tena mstari uleule, herufi kwa herufi, gizani.

Nilikuwa nimewapima wanafunzi wote wa shule ya kijiji kwa ubao ule. Nilikuwa nimeukariri kama sala.

Kulikuwa na kadi nyingine, ya wasiojua kusoma, yenye herufi E moja kubwa. Unaigeuza, na mgonjwa anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Kadi ile haikaririki, ila inahitaji mtu wa pili wa kuigeuza. Nikatoka nje. Kijiji kizima kilikuwa kanisani isipokuwa jirani yangu wa ukuta wa pili, mwenye redio. Alikuwa mjane wa mvuvi, mwanamke wa makamo aliyekwisha kuwa bibi. Operesheni ilimkuta kwenye mji wake, boma la familia kando ya maji, na kumleta huku juu. Kanisani alikuwa haendi tangu aletwe. Alikuwa anaanika muhogo juu ya jiwe.

"Bibi, njoo unisaidie kitu kidogo."

"Nikusaidie nini mimi, nesi? Mimi sijui dawa."

"Si dawa. Kuna kadi nataka uishike."

Alifuta mikono kwenye kanga, akanifuata. Nilipompa kadi akaitazama. "Hiki kichanuo," akasema.

"Ndiyo, bibi, kichanuo. Kigeuze unavyotaka, meno yake yaangalie juu, chini, huku au huku. Mimi nitaonyesha kwa mkono yanaangalia wapi. Nikikosea niambie."

Alisimama mlangoni, akakigeuza. Nikaonyesha. "Sawa," akasema. Akageuza tena. "Sawa. Sawa. Sawa hiyo." Kisha akaishusha kadi. "Nesi, mbona unalia na unapata?"

Sikujua kama nalia. Nikamwambia kuna kivuli kinapanda katika jicho langu, kama maji yanavyopanda ndani ya mtumbwi uliotoboka. Katikati bado naona, lakini chini kumekwisha kufunikwa. Akaja karibu, akanishika kidevu, akalitazama jicho lile muda mrefu.

"Halina kitu," akasema. "Ni zima."

"Ndiyo linavyokuwa."

"Nani wako hapa, wa kumwambia?"

Nikamwambia hakuna. Akaiweka kadi mezani polepole. "Mimi nilikuwaga na watu kumi na mmoja kwenye mji wangu," akasema, akatoka kwenda kumtafuta mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kofia mkononi. Alikuwa mtu mwema, mkulima wa pamba, na siku zote alinisaidia. Lakini naye alifanya kama bibi. Alilitazama jicho na hakuona ubaya wowote.

"Linauma?"

"Haliumi, mwenyekiti."

"Basi si lisubiri mpaka gari la dawa litakapokuja, mwisho wa mwezi? Maana ukiondoka wewe, hapa anabaki nani?"

Lilikuwa swali la haki. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa ajifungue wiki hiyo, na watoto wawili wa surua. Nikawafikiria, nikaogopa kwamba nikiendelea kuwafikiria nitabaki. Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi ningekuwa mgonjwa na wewe ndiye nesi, ningekuomba unipeleke leo."

Akapiga kofia kwenye goti. "Leo hakuna gari. Jumapili magari hayatembei, unajua amri ya mafuta. Na njia fupi ya Musoma, daraja limekwenda na maji. Kesho linakuja lori la kuchukua pamba, linakwenda Bunda. Utazunguka na Bunda."

Jumatatu saa tano lori likaja. Nafasi ya mbele ilikuwa na karani na mkewe mjamzito, kwa hiyo nikapanda nyuma, juu ya magunia ya pamba, nikalala chali. Bibi alinirushia kifurushi cha viazi vya kuchemsha.  Aliuliza tu funguo za zahanati ziko wapi, akaambiwa ziko kwa mwenyekiti, akatikisa kichwa. Lori lilipoondoka niliinua shingo kumtazama, nikaona kichwa chake na mabega. Sehemu iliyobaki, yenye miguu na jiwe la muhogo, ilikuwa imemezwa.

Nikiwa juu ya pamba ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja. Miezi mitatu kabla, alikuja mvuvi mzee kutoka kwenye vijiji vya rasi, akasema, "Nesi, pazia linashuka kwenye jicho hili." Alisema pazia, kama mimi nilivyosema kivuli. Nililitazama jicho lake, halikuwa jekundu, halikutoa uchafu. Nikampa mafuta ya macho, nikamwambia ni uzee, arudi yakiisha. Kwenye daftari nikaandika "macho" na mstari. Sikumuuliza hata swali moja kati ya yale niliyojiuliza mimi mwenyewe Jumapili. Nilikuwa nimechoka, foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa mpole, hakusisitiza. Mtu mpole anaponzwa na upole wake kwenye foleni. Nililia tena pale juu, nikijua safari hii nalia, na upepo ukanikausha.

Tulifika Bunda pamba ikiwa na foleni yake. Dereva aliniambia lori halitaendelea siku hiyo, akanipeleka kwa dada yake, huko Manyamanyama. Dada yake alinipokea vizuri, akaninawisha mikono, akaniwekea ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na dagaa. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Upareni. Akauliza mume wangu yuko wapi, nikasema sina. Akauliza anayenisindikiza hospitali ni nani. Nikasema dereva. Akanisogezea bakuli la dagaa.

Jumanne tulitoka na lori jingine lililobeba unga. Sasa nilikaa mbele, kati ya dereva na mlango, na barabara ilikuwa ya mashimo. Kila shimo lilipotutupa niliona vimulimuli kwenye kona ya jicho, kama mtu anayewasha na kuzima kiberiti. Dereva alikuwa na mzigo wa kushusha Butiama, kwa hiyo tukaiacha njia kuu. Wakati vijana wanashusha magunia, mimi nilikaa juu ya jiwe, nikafunika jicho la kushoto na kutazama malisho. Ng'ombe walikuwa wanapita wakirudi kutoka majini. Niliwaona mapembe, niliwaona migongo. Walikuwa wanatembea bila miguu. Nikaenda kumwambia dereva, "Kaka, naomba tuwahi." Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba magunia yamebaki kumi na tano, dada, vumilia. Sikuwa na damu ya kumwonyesha, wala kidonda, wala kilio. Nikarudi kwenye jiwe.

Hospitali ya Musoma tulifika jua likiwa limeshuka. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana, hana muda mrefu tangu amalize masomo, na nitamshukuru maisha yangu yote kwa sababu moja: aliniuliza maswali yote. Yote, kwa mpangilio, kama vile yametoka kwenye daftari langu. Akanipima kila jicho peke yake. Akasogeza kidole chake kutoka pembeni, juu, chini, akiniambia niseme kinapoonekana na kinapopotea. Kisha akaniwekea matone ya kupanua mboni, akasubiri, akazima taa na kunitazama kwa kile chombo chenye mwanga, akiwa karibu mpaka nikasikia pumzi yake ikisimama.

"Nyuma ya jicho," akasema baada ya kuwasha taa, "kuna ngozi nyembamba inayopokea picha. Yako imechanika, na maji yameingia nyuma yake. Inabanduka, kama udongo wa ukutani mvua ikiingia nyuma yake."

"Imechanika chini?"

"Juu. Jicho hugeuza picha. Giza ukiliona chini, ujue tundu liko juu. Na maji kazi yake ni kushuka." Akafuta chombo chake. "Katikati bado haijabanduka, ndiyo maana bado unasoma. Jicho ambalo bado linasoma ndilo la kukimbiza. Njiani ulikaaje?"

"Mpaka Bunda nililala chali juu ya pamba."

"Nani alikuambia ulale chali?"

"Hakuna. Nilichoka."

"Basi pamba imekusaidia. Kutoka Bunda?"

"Nilikaa mbele."

 Alinifunga bandeji macho yote mawili, hata lile zima, ili yasihangaike, akaagiza nilazwe chali bila mto na nisinyanyuke. Yeye hakuweza kunipasua, wala hakukuwa na wa kunipasua Musoma. Kuna daktari Mwanza. Meli ilikuwa ya Alhamisi.

Nilisafiri na mhudumu mmoja wa wodi aliyekuwa akienda Mwanza kwa shughuli zake. Alinishika mkono kupanda, akanilaza, akanishika mkono kushuka. Ziwa lile, nililokuwa nikiliona kila siku kwa mbali, nilivuka nikiwa nalisikia tu.

Ijumaa, hospitali ya Mwanza, karani alianza na karatasi. Mimi nilikuwa nimelala kwenye machela, macho yamefungwa.

"Ndugu wa karibu?"

"Hayupo hapa."

"Sikuulizi kama yupo hapa. Kila mtu ana ndugu. Akitakiwa mtu wa kupewa habari, tumwandikie nani?"

Mama yangu alikuwa mlimani. Barua ingefika baada ya wiki tatu. Telegramu ingefika upesi, lakini kwetu telegramu zilileta misiba tu. Angeiona tu mkononi mwa tarishi angeanguka, kisha angeshuka mlima kwa miguu kuja kunizika. Nikafikiri juu ya bibi jirani, lakini yeye si ndugu, na sikulijua hata jina lake kamili.

"Andika zahanati," nikasema.

"Zahanati si mtu, dada."

"Andika tu."

Nilisikia kalamu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Daktari wa macho alikuwa mzungu mzee, Kiswahili chake kizuri. Alinifungua bandeji, akainama mbele yangu. "Nitazame usoni kwa jicho hili tu. Unaona nini?"

Nilimwona masikio yote mawili. Nilimwona nywele nyeupe. Pua sikuiona. Katikati ya uso wake hapakuwa na kitu.

"Pole," akasema, na nikajua kwamba kati ya Musoma na pale, katikati ilikuwa imekwisha kubanduka.

Nilipasuliwa Jumatatu. Siku zile, baada ya upasuaji ule, dawa kubwa ilikuwa kutulia. Nililazwa chali, magunia madogo ya mchanga pande zote mbili za kichwa ili kisigeuke, macho yote yamefungwa, na nikaambiwa nisikohoe, nisicheke, nisiinuke. Hali hiyo ilikuwa wiki tatu. Kisha mbili nyingine za kukaa kidogo kidogo. Nimewahi kuwaambia wagonjwa "tulia" mara nyingi. Sikujua ninawaomba nini.

Nilijifunza wodi kwa masikio. Saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Mlango ulifunguliwa na miguu ikaingia yote kwa pamoja, ndala, viatu, miguu mitupu ya watoto, na nilisikia ikigawanyika, huyu kitanda hiki, huyu kile. Mingine ilikuja upande wangu, nikajikuta nimeshika shuka, halafu ikapita. Siku za kwanza nilikuwa nikijiambia kwamba mwenyekiti huenda akatuma mtu. Baadaye nikaacha. Saa kumi ikifika nilijifanya nimelala, na mtu aliyefungwa macho hana kazi kubwa ya kujifanya.

Kitanda cha kushoto kwangu alilala bibi mmoja wa Kisukuma, mtoto wa jicho ametolewa. Kiswahili alikuwa na maneno machache. Kila asubuhi aliniamkia, "Mwangaluka, mayu," nami nikamjibu hivyohivyo, na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Binti yake alikuja kila jioni kumlisha uji. Siku ya nne au ya tano nilisikia kijiko kinagonga bakuli la yule bibi, kisha kikaja kwenye midomo yangu. Sikuulizwa. Nilifungua mdomo. Alitulisha hivyo sisi wawili, kijiko huku, kijiko huku, mpaka mama yake aliporuhusiwa. Nilitaka kumwona uso, lakini aliondoka kabla sijafunguliwa.

Siku ya kufunguliwa daktari alimulika tochi.

"Unaona?"

"Mwanga."

"Unatoka wapi?"

"Juu. Kulia."

"Na huu mkono wangu, vidole vingapi?"

"Mkono nauona unatembea. Vidole sivioni."

Nilijua kinachoandikwa, maana nilikuwa nikiwaandikia wengine: anaona mkono ukitembea. Baada ya miezi jicho lilipata nafuu kidogo, nikaweza kutambua mlango, dirisha, mtu akisimama. Uso hapana. Jicho la kushoto daktari alilikuta na sehemu iliyochakaa pembeni, akaizuia kabla haijachanika, na hilo ndilo ninaloandikia sasa.

Nilirudi kijijini mwezi wa tisa. Mkoa ulikuwa umempeleka muuguzi mwingine kwa muda. Yule mwanamke alijifungua salama mikononi mwa wakunga wa kijiji. Mtoto mmoja wa surua alikuwa amekufa. Mwenyekiti ndiye aliyeniambia, akitazama chini, na hakunilaumu.

Wiki ya kwanza nilikwenda rasi kwa miguu kumtafuta mzee wa pazia. Nilimkuta anashona nyavu kwa kupapasa. Nilimweleza yote, kwamba siku ile nilitakiwa kumuuliza na sikumuuliza, kwamba mafuta niliyompa hayakuwa na maana. Aliendelea kushona mpaka nikamaliza.

"Ungejua siku ile, ungefanya nini?"

"Ningekupeleka Musoma."

"Na gari gani?"

Nikatazama mikono yake kwenye nyavu.

"Wewe walikupeleka, na jicho limekwenda vilevile," akasema. Hakusema kwa hasira, lakini hakusema kwa kunifariji pia. Kisha akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Hili moja lililobaki linaniuma nikitazama jua. Litazame, kwa sababu umekuja." Nikalitazama, nikauliza maswali yote. Lilikuwa na tatizo dogo tu, nikampa miadi, akaja.

Mwaka uliofuata nilipata likizo, nikaenda Upareni. Sikuwa nimemwandikia mama chochote. Alinipokea, akachinja kuku, akaniuliza kuhusu kazi na ziwa, kama ni kweli halina mwisho. Jioni akanimiminia chai, akanipa kikombe kwa upande wa kulia. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa, kikombe kikamwagika mkekani.

Mama hakukiokota. Alinitazama, akapitisha mkono wake mbele ya jicho langu, taratibu, kama mtu anayefuta kioo.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Ulilazwa?"

"Wiki tano, mama. Mwanza."

"Nani alikuwa anakulisha?"

"Binti mmoja. Simjui."

 Mama akainuka, akatoka nje, na nikasikia shoka likipasua kuni, ingawa kuni zilikuwa zimejaa tele kando ya jiko. Alipasua muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akamimina chai nyingine, akazunguka na kukaa upande wangu wa kushoto.